Fataki: Kipande cha anga kinachopita juu ya utosi, na galaksi zinazogongana ndani yake

FATAKI, Ituri – Kila mwaka, kuelekea mwisho wa mwezi wa pili, karibu na usiku wa manane, kipande kidogo cha anga hupita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu aliyesimama Fataki, katika teritware ya Djugu, takriban kilomita 80 kaskazini mwa mji wa Bunia. Anayekitazama kwa macho matupu haoni kitu cha kumshangaza. Hakuna nyota kubwa pale, ni giza tu na vinyota hafifu vya hapa na pale.

Giza hilo ndilo limewavuta wataalamu wa nyota wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20. Kipande hicho kinaitwa COSMOS. Upana wake ni kama miezi mipevu tisa au kumi iliyopangwa pamoja, na ndani yake wamekwisha kuhesabu galaksi zaidi ya milioni moja.

Galaksi, kwa asiyelizoea neno hilo, ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi vinavyoshikana kwa nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota moja kati ya zaidi ya miliari 100 (wengine wanasema bilioni) katika galaksi yetu, ile inayoitwa Njia ya Maziwa, ambayo watu wa Djugu wanaiona kama mkanda mweupe kila usiku usio na mawingu wala mwezi.

Kipande cha COSMOS kilichaguliwa makusudi. Kiko digrii 2 tu kaskazini ya ikweta ya anga, ili darubini za pande zote mbili za dunia, za Chile na za Hawaii, za Ulaya na za Afrika Kusini, ziweze zote kukitazama. Fataki nayo iko karibu digrii 2 kaskazini ya ikweta ya dunia. Hakuna aliyepanga namba hizo mbili zilingane. Lakini zimelingana, na ndiyo sababu picha nyingi mashuhuri za galaksi za mbali zilizotolewa miaka hii ni picha za kile kilicho juu ya mapaa ya Djugu.

Mwenye kutaka kukitafuta ataanza na Regulus, nyota nyeupe inayong'aa ambayo usiku huo inakuwa juu kabisa, upande wa kaskazini kidogo. Anyooshe mkono, akunje ngumi, na ashuke kwa upana wa ngumi moja upande wa kusini. Ni hapo. Mwezi wa nne kipande hichohicho kinafika juu mapema zaidi, kama saa tatu usiku, ila wakati huo mvua imekwisha kurudi na mawingu ni mengi.

Tatizo la Fataki si mawingu peke yake. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mashambulizi ya makundi yenye silaha katika Djugu yamewaua raia wengi na kuwafukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vijiji vyao. Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika hali hiyo, mtu kusimama nje usiku wa manane akiangalia juu si jambo la kawaida, na mara nyingi si jambo la busara. Vijiji vingi havina umeme wa kudumu, na giza lake ni lile ambalo watu wa miji mikubwa ya Ulaya wanalipia nauli ya ndege ili wakalione. Wenye giza hilo wanafunga milango mapema.

Sauti ya motari

Kwa nini wataalamu wanajali mwendo wa galaksi ambazo ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri miaka miliari 10 kabla ya kufika hapa? Kwa sababu mwendo unasema ukweli ambao sura inauficha.

Picha ya galaksi ya mbali ni doa dogo lenye vipande vya mwanga visivyo na mpangilio. Doa kama hilo linaweza kuwa galaksi moja inayozunguka kwa utulivu, yenye madonge ya gesi ambamo nyota zinazaliwa. Au zinaweza kuwa galaksi mbili zinazogongana na kuungana. Kwa picha peke yake ni vigumu kuamua, kama vile picha ya umati sokoni haiwezi kukuambia kama watu wanacheza au wanapigana. Unahitaji kujua kila mmoja anaelekea wapi na kwa kasi gani.

Kupima hilo wanatumia jambo ambalo kila mtu wa barabara ya Bunia analijua kwa masikio. Motari akija huku amebana honi, sauti inasikika nyembamba. Akikupita na kuanza kwenda mbali, sauti inashuka na kuwa nzito. Honi ni ileile, kilichobadilika ni mwendo. Mwanga nao uko hivyo. Kitu kinachokuja kwetu, mwanga wake unasogea upande wa bluu. Kinachokwenda mbali, mwanga wake unasogea upande wa wekundu.

Gesi ya hidrojeni ikiwa karibu na nyota changa zenye joto kali, inatoa mwanga mwekundu wa rangi moja maalum, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Ni kama honi ambayo nota yake inajulikana tangu kiwandani. Mtaalamu akiukuta mwanga huo umesogea, anajua kasi. Na kwa vile mwanga huo unatoka palepale nyota zinapozaliwa, kipimo kimoja kinampa habari mbili kwa pamoja: galaksi inazaa nyota kiasi gani, na gesi yake inakwenda wapi.

Kwa galaksi za mbali sana kuna jambo jingine la kuhesabu. Ulimwengu wenyewe unapanuka, na mwanga unavutwa pamoja nao njiani. Aliyeandika hesabu hiyo mwaka 1927 na kuilinganisha na vipimo vya galaksi alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Katika nchi ambayo shule zake nyingi, Fataki ikiwemo, zilianzia kwenye misheni za mapadri, ni ajabu kwamba jina lake halitajwi zaidi darasani. Kwa sababu ya mvutano huo, mwanga mwekundu wa hidrojeni ulioondoka miaka zaidi ya miliari 10 iliyopita unatufikia ukiwa haumo tena katika rangi zinazoonekana kwa macho. Umekuwa mwanga wa infraredi, na unahitaji vyombo vya pekee.

Mchana wa ulimwengu

Vyombo hivyo vilifika katika miaka ya 2000, kwenye darubini kubwa za Ulaya zilizo juu ya mlima Paranal, katika jangwa la Chile. Kimoja kiliitwa SINFONI. Badala ya kupima mwanga wa galaksi nzima kwa pamoja, kilikuwa kinaikata picha yake katika vipande vidogo na kupima kila kipande peke yake. Mwaka 2006 kundi la Mjerumani Reinhard Genzel (huyohuyo aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2020 kwa kazi nyingine) lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepima galaksi iliyokuwepo miaka miliari 3 tu baada ya mwanzo wa ulimwengu. Upande mmoja wa galaksi hiyo ulikuwa unakuja, upande wa pili unakwenda. Maana yake, ilikuwa inazunguka kama sahani, sawa na Njia ya Maziwa.

Wengi hawakutarajia hivyo. Wazo lililokuwa na nguvu lilikuwa kwamba ulimwengu wa zamani ulikuwa wa vurugu tupu, galaksi ndogo zikigongana kila mara na kuungana kuwa kubwa. Na kweli, zamani hizo zilikuwa za kazi nyingi. Miaka kama miliari 10 iliyopita ndipo nyota zilipozaliwa kwa wingi kuliko wakati wowote, karibu mara kumi ya leo. Wataalamu wanauita wakati huo mchana wa ulimwengu. Njia ya Maziwa sasa inazaa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili hivi kwa mwaka. Galaksi nyingi za mchana ule zilikuwa zinazaa makumi, na nyingine zaidi ya mia moja.

Swali ni nani alikuwa anawasha moto huo. Kama ni migongano, basi galaksi nyingi za wakati huo zingeonyesha mwendo uliovurugika. Kama ni gesi inayoingia kidogokidogo kutoka nje, kama mito inayoingia ziwani, zingeonyesha mzunguko.

Mwaka 2009 Natascha Förster Schreiber na wenzake walichapisha vipimo vya makumi ya galaksi za wakati huo. Jibu lilikuwa nusunusu: karibu theluthi moja zilikuwa zinazunguka vizuri, theluthi nyingine zilionekana kuwa katika kuungana, na zilizobaki zilikuwa ndogo, gesi yake ikichemka bila mzunguko ulio wazi. Kisha kikaja chombo kingine, KMOS, chenye mikono 24 inayoweza kupima galaksi 24 kwa mara moja. Kwa miaka kadhaa kilipima mamia ya galaksi, nyingi zikiwa ndani ya kipande cha COSMOS. Matokeo ya kwanza, yaliyoongozwa na Emily Wisnioski mwaka 2015, yaliegemea upande mmoja: zaidi ya theluthi mbili ya galaksi zile kubwa zilikuwa sahani zinazozunguka.

Lakini hazikuwa sahani za leo. Gesi yake ilikuwa inazunguka na kutikisika kwa wakati mmoja. Katika galaksi kama yetu gesi inatikisika kwa kasi ya kama kilomita 10 hadi 20 kwa sekunde. Zile za zamani zilifika karibu 50. Ni tofauti ya mto unaopita tambarare na mto unaoshuka kwenye mawe. Maji ya mito yote miwili yanakwenda upande mmoja, lakini huwezi kuvusha mtumbwi wako kwa namna moja.

Mabishano hayakuisha hapo. Hewa ya dunia inatikisa mwanga, na galaksi ya mbali ni ndogo mno kwenye kioo cha darubini. Galaksi mbili zinazoungana zikitazamwa kupitia ukungu huo zinaweza kuonekana kama moja inayozunguka. Kwa hiyo kila idadi ya sahani inayotolewa inapaswa kusomwa kwa tahadhari kidogo, na wataalamu wenyewe wanaambiana hivyo. Ndiyo sababu ya kutuma darubini nje ya hewa, kama ile ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, au kuunganisha antena nyingi, kama zile 66 za ALMA huko Chile. Mwaka 2024 ALMA ilionyesha dalili za mzunguko katika galaksi inayoitwa REBELS-25, iliyokuwepo miaka milioni 700 tu baada ya mwanzo wa ulimwengu.

Majirani wa Rwanda

Kazi hii si ya Wazungu peke yao. Mwaka 2017, katika jarida la kisayansi la Uingereza liitwalo Monthly Notices of the Royal Astronomical Society, ilitoka kazi ya Antoine Mahoro na Pheneas Nkundabakura, wote Wanyarwanda, pamoja na Mirjana Pović, mtaalamu mzaliwa wa Serbia aliyefanya kazi miaka mingi Addis Ababa. Kipande cha anga walichokichunguza ni COSMOS.

Walilenga galaksi zilizo katikati ya safari. Galaksi inayozaa nyota ina rangi ya bluu, kwa sababu nyota changa kubwa ni za bluu. Ikiacha kuzaa, inabaki na nyota za zamani na kuwa nyekundu. Kati ya rangi hizo mbili kuna kundi dogo ambalo wataalamu wanaliita bonde la kijani, na galaksi nyingi zinalipita zikielekea kunyamaza. Kuna wanaosema kwamba shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, likiwa linakula gesi, ndilo linalozima uzazi wa nyota kwa kuisukuma gesi nje.

Watafiti hao walichukua galaksi za bonde hilo zinazotoa mwanga mwingi wa infraredi ya mbali, wakalinganisha zile zenye shimo jeusi linalokula na zile zisizo nalo. Walikuta kinyume cha wengi walivyotarajia: zenye shimo jeusi linalokula zilikuwa zinazaa nyota zaidi. Inawezekana, waliandika, kwamba katika galaksi za aina hiyo shimo jeusi linachochea moto badala ya kuuzima.

Mwaka 2019 ilifuata sehemu ya pili, ambamo walizitazama sura za galaksi hizohizo ili kujua zipi ni sahani tulivu na zipi zina dalili za kuvutana na majirani. Miongoni mwa walioandika safari hiyo ni Beatrice Nyiransengiyumva, naye wa Rwanda. Pović mwaka 2018 alipata tuzo ya jarida la Nature kwa wanawake wanaowatia wengine moyo katika sayansi. Picha walizotumia zilikuwa wazi kwa kila mtu duniani. Hawakuhitaji kumiliki darubini. Walihitaji kompyuta, intaneti, hesabu, na mtu wa kuwaongoza.

Upande wa kusini wa bara, Afrika Kusini ilizindua mwezi wa saba mwaka 2018 darubini ya redio ya MeerKAT, antena 64 katika jangwa la Karoo. Katika usiku wa kwanza wa mradi mmoja uliopangiwa zaidi ya saa 3,000, ilinasa ishara kali ajabu, ya urefu wa wimbi wa sentimita 18 kabla ya kuvutwa na upanukaji wa ulimwengu. Ni ishara inayotolewa na molekuli za oksijeni na hidrojeni zinaposukumwa na kubanwa pamoja, na mara nyingi kinachozibana ni galaksi mbili zilizogongana. Mwanga huo ulisafiri karibu miaka miliari 5. Ugunduzi ulitangazwa mwezi wa nne mwaka 2022, na galaksi ikapewa jina la Kizulu, Nkalakatha, maana yake bosi mkubwa. Kwa mara moja, kitu cha mbali kimepata jina ambalo Mwafrika halitamki kwa shida.

Harage la Fataki na harage la Kampala

Neno kugongana linaweza kumdanganya msomaji. Galaksi mbili zikigongana, nyota zake karibu hazigusani kabisa.

Chukua harage moja lenye upana wa sentimita 1, liite jua, uliweke Fataki. Kwa kipimo hicho, nyota iliyo jirani wa karibu zaidi na jua ingekuwa harage jingine, umbali wa karibu kilomita 290 kwa mstari ulionyooka. Ni kama kuliacha harage la pili kabla kidogo ya kufika Kampala. Kati yake hakuna harage jingine. Magunia mawili ya maharage yaliyotawanywa hivyo yanaweza kupita moja ndani ya jingine bila harage kugusa harage.

Gesi ndiyo inayogongana. Mawingu yake yanabanana, yanaporomoka kwa uzito wake yenyewe, na nyota mpya zinawaka kwa maelfu na maelfu. Uvutano nao unazinyoosha galaksi hizo, zinatoa mikia mirefu ya nyota, mara zinaachana, mara zinarudiana, hadi zinatulia kuwa moja. Jambo zima linachukua miaka mamia ya milioni, hata zaidi ya miliari. Hakuna mtu atakayekaa akaangalia mgongano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wataalamu wanafanya kama mgeni aliyefika kijijini kwa siku moja: akiona mtoto mgongoni, kijana shambani na mzee kivulini, anaelewa maisha ya mtu yanavyokwenda bila kusubiri miaka 70.

Mgongano mmoja uliowashangaza ulitangazwa mwezi wa saba mwaka 2025 na Pieter van Dokkum wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake. Katika picha za darubini ya James Webb waliona galaksi mbili zilizopigana ana kwa ana, kila moja ikabaki na pete ya nyota kuizunguka, umbo zima likawa kama namba 8 iliyolala. Wakaiita Infinity. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka miliari 8. Na iko ndani ya COSMOS, kilekile kipande kinachopita juu ya Fataki.

Katikati ya pete hizo mbili, mahali ambapo hakuna galaksi bali gesi tu, kuna shimo jeusi kubwa sana. Limetoka wapi? Inawezekana lilitupwa pale kutoka galaksi nyingine. Inawezekana pia lilizaliwa palepale, gesi iliyobanwa na mgongano ikaporomoka moja kwa moja bila kupitia hatua ya nyota. Kipimo cha mwendo ndicho kilichosaidia kuchagua. Kama lingekuwa mgeni, lingekuwa linapita katika gesi ile kwa kasi kubwa. Walipopima, tofauti ya kasi kati ya shimo na gesi inayolizunguka ilikuwa ndogo, kama kilomita 50 kwa sekunde. Linakwenda pamoja na gesi yake, kama mtoto anayetembea na mama yake. Uthibitisho kamili haujapatikana, lakini wazo la kuzaliwa palepale limepata nguvu.

Mgongano wa nyumbani

Katika miezi ya Desemba na Januari, mvua ikiwa imepungua, mtu wa Djugu hahitaji darubini ya mabilioni ya dola ili aone galaksi. Kuwa karibu na ikweta kunampa anga ya kaskazini na ya kusini kwa pamoja, zawadi ambayo mkaaji wa Paris au wa Cape Town hana.

Katikati ya Desemba, kati ya saa moja na saa mbili usiku, upande wa kaskazini kuna doa hafifu la mwanga lenye umbo la yai, kama katikati ya anga. Ni Andromeda, galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5. Mwajemi al-Sufi aliiandika kama wingu dogo tangu mwaka 964. Saa hiyohiyo, mtu akigeuka kutazama kusini na kushuka karibu na upeo, kama ngumi moja na nusu juu ya vilima, ataona wingu jingine dogo. Ni Wingu Dogo la Magellan. Akisubiri hadi saa nne usiku, Wingu Kubwa la Magellan nalo litakuwa limepanda upande wa kusini-mashariki. Yote matatu ni galaksi, na yote yanaihusu familia yetu.

Andromeda inatujia kwa kasi ya kama kilomita 110 kwa sekunde. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba itagongana na Njia ya Maziwa baada ya miaka miliari 4 hivi, na jambo hilo likaandikwa katika vitabu kama kitu cha hakika. Mwezi wa sita mwaka 2025, Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walichapisha hesabu mpya. Waliendesha mifano 100,000 kwenye kompyuta, wakiingiza makosa madogo ya kila kipimo na uvutano wa galaksi jirani. Jibu lao: uwezekano wa kuungana ndani ya miaka miliari 10 ijayo ni karibu nusu kwa nusu. Mmoja wa wanaopunguza uwezekano huo ni lile Wingu Kubwa la Magellan, kwa sababu linatuvuta pembeni. Lenyewe halitanusurika. Hesabu hizohizo zinaonyesha kwamba karibu hakika litamezwa na Njia ya Maziwa ndani ya miaka miliari 2.

Na si mara ya kwanza. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa mwaka 2013, ilipima mwendo wa nyota zaidi ya miliari moja za galaksi yetu. Mwaka 2018 Amina Helmi na wenzake walionyesha kwamba kuna kundi kubwa la nyota, hapa kwetu karibu na jua, ambazo nyingi kati yake zinakwenda kinyume na mzunguko wa wenzake. Ni mabaki ya galaksi nzima iliyomezwa miaka kama miliari 10 iliyopita. Kwa hiyo anayechunguza galaksi za COSMOS anasoma pia ujana wa nyumba tunamoishi.

Mlango uko wapi

Kongo haimo katika orodha ya nchi za Afrika zinazoshiriki katika darubini kubwa ya redio ya SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Kenya imo, Zambia imo. Ethiopia ina kituo cha Entoto, juu ya mlima wa zaidi ya mita 3,000 unaoitazama Addis Ababa, chenye darubini mbili za kioo cha mita 1. Agosti 2024, mkutano mkuu wa umoja wa wataalamu wa nyota wa dunia ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu umoja huo uanzishwe mwaka 1919.

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Fataki, ambaye pengine amebadilisha shule mara mbili au tatu kwa sababu ya kukimbia, hayo yako mbali. Kilicho karibu zaidi ni kazi inayoitwa Galaxy Zoo, iliyoanza mwaka 2007. Inampa mtu yeyote picha halisi za galaksi na kumuuliza maswali mepesi: ni ya mviringo au ya sahani? Ina mikono? Inaonekana kugongana na nyingine? Majibu ya watu wengi yakikusanywa yanatumika katika utafiti wa kweli, kwa sababu jicho la mtu bado ni hodari wa kutambua mkia wa mgongano ambao kompyuta inaweza kuupita. Mwaka huohuo wa kwanza, mwalimu mmoja wa shule ya Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la ajabu ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelitambua. Leo linaitwa kwa jina lake.

Haidai diploma. Inadai simu yenye chaji, mega chache, na mtandao unaoshika. Pale ambapo mnara unazimika wiki nzima na paneli ya jua ya jirani ndiyo chaja ya mtaa, hayo matatu si madogo. Mwalimu wa fizikia mwenye simu moja anaweza hata hivyo kushusha picha 20 siku akiwa Bunia, kurudi nazo, na kuzipitisha darasani mchana, mlango ukiwa wazi.